Jicho la Angani na Mfuko wa Mkulima: Kipi Ulipie, Kipi Uchukue Bure

Mwezi Agosti, kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane nchini Tanzania, viwe vya Nzuguni, Themi au John Mwakangale, mkulima aliyekuja kuangalia mbegu na pampu za kupulizia siku hizi hukutana pia na ndege isiyo na rubani, ramani ya shamba yenye kijani na nyekundu, na simu inayotaja ugonjwa wa mmea kwa kupiga picha jani. Maelezo ni matamu, na vijana wanaoyatoa wanaijua kazi yao. Lakini mteja anaweza kuondoka bila kuambiwa mambo mawili: kwamba sehemu kubwa ya kinachouzwa pale inapatikana bure, na kwamba sehemu nyingine, hata akipewa bure, haitamfaa mtu wa ekari tatu za mahindi yaliyochanganywa na maharage.

Hapa nalinganisha gharama nikiwa na mkulima fulani akilini: mwenye ekari moja hadi kumi, anayelima mahindi, muhogo au mpunga, ana simu janja na bando la kununua kidogokidogo. Wenye mamia ya ekari nitawagusa kwa sababu hesabu zao ni tofauti kabisa, ila wao wana wataalamu wa kuwashauri. Bei za dola nimezigeuza kwa shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola moja ili hesabu iwe nyepesi.

Kabla ya bei yoyote, tuweke mizani mezani. Napendekeza iwe mfuko wa mbolea wa kilo 50. Ruzuku ilipoanza Tanzania msimu wa 2022/23, DAP na urea ziliuzwa kwa shilingi 70,000 mfuko. Kenya ilishusha bei ya ruzuku hadi shilingi 2,500 za huko Agosti 2023. Kwa ushauri uliozoeleka wa mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari, ekari tatu za mahindi zinakula mifuko sita, yaani 420,000 kwa bei ile ya Tanzania. Tuseme ramani nzuri inakuwezesha kuokoa sehemu moja ya kumi ya mbolea hiyo. Umeokoa 42,000. Ukiuziwa ramani hiyo kwa 60,000, umepata hasara hata kama ni sahihi kwa kila kipande cha shamba. Muuzaji atajibu kwamba faida kubwa iko kwenye mavuno. Inawezekana. Basi mwulize mavuno hayo yataongezeka kwa wewe kufanya kitu gani tofauti, wiki ipi, na kwa gharama ipi ya ziada. Akishindwa kujibu, funga mfuko wako.

Setilaiti ni bure kweli, ila hesabu pikseli

Ulaya, kupitia mpango wake wa Copernicus, ilirusha Sentinel-2A mwezi Juni 2015 na Sentinel-2B Machi 2017. Sentinel-2C ikafuata Septemba 2024. Zikiwa mbili kwenye zamu, shamba lako hupigwa picha kila baada ya siku tano. Marekani nayo ina Landsat 8 na Landsat 9, ambazo kwa pamoja hurudi kila siku nane. Picha zote hizi ni bure kwa yeyote. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: kabla ya 2008, picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Leo unafungua Copernicus Browser kwenye kompyuta au simu, unajisajili bila malipo, unachora mpaka wa shamba na kuchagua tarehe. Usipakue faili zima, maana moja hufunika eneo la kilomita 110 kwa 110 na linaweza kumaliza bando lako lote. Liangalie hapohapo mtandaoni. Kasoro kubwa ni lugha: ukurasa hauzungumzi Kiswahili, na kwa wakulima wengi hicho ni kizuizi kikubwa kuliko bei. Kijana wa kidato cha nne hapo nyumbani anaweza kukivuka kwa jioni moja.

Kinachoonekana pale hasa ni nini? Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu ili kutengeneza chakula chake, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti hupima yote mawili. Ukichukua infraredi ukatoa nyekundu, kisha ukagawanya kwa jumla yao, unapata NDVI, kipimo ambacho karibu kila ramani ya kijani na nyekundu imejengwa juu yake. Udongo mtupu hutoa kama 0.1 au 0.2. Mahindi yaliyofunga shamba yanaweza kupanda hadi 0.7 au 0.8, kisha hushuka yanapokauka.

Sasa tulete hesabu hiyo kwenye ekari yako. Ekari ni mita za mraba 4,047. Pikseli ya Sentinel-2 katika miale hiyo ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari moja ina pikseli 40 hivi. Hiyo ni hesabu ya darasani. Pikseli hazifuati mpaka wako, zinaangukia zilikoangukia. Chukua ekari ya mraba, upande mita 64: pikseli kamili unazoweza kuwa na uhakika nazo ni tano kila upande, jumla 25. Zinazobaki zimechanganya mahindi yako na njia ya ng'ombe, mwembe wa jirani au paa la bati. Kishamba kirefu chenye upana wa mita 15, kama vilivyo vingi kwenye miteremko ya Usambara na Kilimanjaro, kinaweza kisipate hata pikseli moja iliyo yake peke yake. Landsat yenye pikseli za mita 30 inaipa ekari nzima pikseli nne na nusu, kwa hiyo kwa shamba dogo iache. Na hata pale pikseli inapokuwa yako yote, kijani ni kijani: NDVI haitofautishi mahindi na magugu, wala haijui kwamba nusu ya kijani ile ni maharage na mbaazi ulizochanganya. Shamba lililolemewa na magugu linaweza kuonekana zuri kuliko la jirani aliyepalilia vizuri.

Halafu kuna mawingu. Sentinel-2 hupita juu yetu mnamo saa nne na nusu asubuhi. Wakati wa masika, hasa nyanda za juu, unaweza kukaa wiki kadhaa bila kupata picha safi hata moja, huku ratiba ya siku tano ikiendelea kama kawaida. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, nayo ni bure, lakini haioni kijani. Inaona mkwaruzo wa uso wa shamba na unyevu. Kwa mpunga wa majaruba inafaa sana kwa sababu maji yaliyotuama huonekana wazi. Kwa mahindi ya mchanganyiko, kuisoma kunahitaji mtaalamu.

Kuna jambo ambalo naona linapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila banda la maonyesho. Uamuzi mkubwa wa mbolea kwenye mahindi, ule wa kukuzia, hufanyika kama wiki tatu hadi tano baada ya kupanda, mmea ukiwa wa magotini. Wakati huo majani hayajafunika ardhi, kwa hiyo pikseli inaona zaidi udongo kuliko mahindi. Na ndio wakati wa mvua, mawingu yametanda. Yaani picha huwa dhaifu kuliko wakati wowote katika wiki zilezile unazoihitaji. Picha nzuri huja baadaye, mahindi yanapotoa mbelewele, wakati ambapo huna tena la kufanya msimu huo.

Kwa hiyo mkulima mdogo asilipie picha ya leo. Achukue bure picha za zamani. Hifadhi ya Sentinel-2 inarudi nyuma hadi 2015. Fungua wiki ambazo mahindi yako hufika kilele, msimu baada ya msimu, na uangalie kona ipi hubaki hafifu kila mwaka. Doa lililotokea msimu mmoja linaweza kuwa kivuli cha wingu, wadudu au palizi iliyochelewa. Linalorudi misimu minne mitano mahali palepale lina sababu iliyo ardhini. Hapo ndipo setilaiti inapofanya kazi ambayo macho ya mtu aliyesimama pembeni ya shamba hayawezi kuifanya, na haikugharimu kitu zaidi ya bando.

Nusu kilo ya udongo

Setilaiti imekuonyesha wapi. Haijakuambia kwa nini. Doa hafifu linaweza kuwa tindikali, upungufu wa fosforasi, udongo uliomomonyoka, maji yanayotuama, au kiduha kinachonyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini. Tiba za haya hazifanani hata kidogo. Ukimwaga urea kwenye udongo wenye tindikali kali ambao ulihitaji chokaa, umelipia mbolea ambayo mmea hautaitumia vizuri, na urea yenyewe huongeza tindikali.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya kulipa katika kilimo hiki cha kisasa, kwa maoni yangu, iende maabara ya udongo. Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro na TARI Mlingano kule Tanga. Kenya kuna maabara za KALRO Kabete. Ada hutegemea idadi ya vipimo unavyotaka, na unaweza kuipunguza kwa kuomba vile vya msingi tu: tindikali, naitrojeni, fosforasi, potasiamu na kaboni ya udongo. Linganisha ada hiyo na mfuko wako wa mbolea. Kwa mtu anayenunua mifuko sita kila msimu, hata ada inayolingana na mfuko mzima si ghali, kwa sababu majibu yake utayatumia misimu kadhaa.

Hapa picha ya bure na maabara ya kulipia vinasaidiana. Badala ya kuchanganya udongo wa shamba zima kwenye mfuko mmoja na kupata jibu la wastani lisilolingana na upande wowote, chukua sampuli mbili: moja kutoka eneo linaloshamiri, nyingine kutoka doa hafifu. Katika kila eneo tembea kwa zigizaga, chimba mashimo 10 hadi 15 ya kina cha sentimita 20, kusanya kipande chembamba kutoka kila shimo kwenye ndoo safi ya plastiki, vunja mabonge, changanya, kisha toa nusu kilo. Ruka kichuguu, zizi la zamani, mahali palipochomwa taka na njia. Anika kivulini. Andika kwenye mfuko jina la eneo. Majibu ya mifuko miwili yakitofautiana, umejua unachopaswa kutibu, na una ramani yako ya kwanza ya kilimo cha vipimo.

Wapo watakaokwambia maabara imepitwa na wakati. Kuna skana za mkononi zinazotumia mwanga wa infraredi, kama zile za AgroCares ya Uholanzi, zinazotoa majibu shambani kwa dakika chache. Zina faida ya haraka, na kwa kaboni ya udongo hufanya vizuri. Ila kifaa hukisia kwa kulinganisha mwanga uliorudi na sampuli zilizowahi kupimwa maabara, na kwa fosforasi inayopatikana kwa mmea aina hii ya mwanga ina udhaifu unaojulikana. Ukilipia huduma hiyo, uliza kama kifaa kimefunzwa kwa udongo wa ukanda wenu. Kuna pia ramani ya bure ya iSDAsoil, iliyotoka 2020, inayokadiria tindikali na virutubisho vya udongo wa Afrika kwa vipande vya mita 30, kwa kutumia akili mnemba iliyofunzwa kwa sampuli za kweli. Ifungue kabla ya kwenda maabara, ikupe picha ya jumla ya kijiji. Usiitumie kukata shauri la ekari moja.

Jambo jingine la bure linalosahaulika ni kipimo cha shamba lenyewe. Tafiti za upimaji barani Afrika zimeonyesha mara kwa mara kwamba wenye vishamba vidogo huvikadiria kuwa vikubwa kuliko vilivyo. Mtu anayeamini ana ekari moja kumbe ana robo tatu hununua mbegu na mbolea za ziada kila mwaka, na mavuno yake kwa ekari huonekana mabaya kuliko yalivyo. Zunguka mpaka wako na simu yenye programu ya GPS ya kupimia eneo, au uchore kwenye Google Earth. Kwa kipande kidogo sana rudia mara kadhaa, maana GPS ya simu hupotoka kwa mita chache. Kati ya mambo yote ninayoyataja hapa, hili ndilo linaloweza kukurudishia fedha msimu huuhuu.

Akili mnemba ndani ya simu

Kwenye magonjwa ya majani, simu imeleta nafuu ya kweli, na mfano bora ulizaliwa kwetu. Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State na taasisi ya IITA, ilijengwa kwa picha za mihogo ya Afrika Mashariki, inazungumza Kiswahili, ni bure, na ikishapakuliwa inafanya kazi bila mtandao. Hilo la mwisho ndilo linaloifaa kijijini. Inatambua batobato ya muhogo, michirizi kahawia na madhara ya utitiri wa kijani, na kwenye mahindi inaangalia madhara ya viwavijeshi vamizi, ambao walionekana Afrika kwa mara ya kwanza 2016.

Utafiti uliochapishwa 2020 uliilinganisha Nuru na watu. Iliposoma jani mojamoja ilipatia kwa asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Nuru ilipopewa majani sita ya mmea mmoja, ikapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Katika takwimu hizo kuna funzo la matumizi ambalo halikugharimu chochote: usipige jani moja ukaamini. Piga sita, ya juu na ya chini ya shina, kwenye mwanga mzuri, bila kivuli chako kuangukia jani.

Hata hivyo kamera inaona jani tu. Michirizi kahawia ina ubaya wake wa pekee: majani yanaweza kuonyesha dalili hafifu, ukaja kung'oa muhogo uliotarajia kuula au kuuza na kukuta nyama yake imeoza kwa madoa ya kahawia yaliyokauka kama kizibo. Kwa muhogo, bado kisu kinahitajika. Ng'oa shina moja moja kwenye pande tofauti za shamba, kata mizizi vipande, na usichukue kutoka hapo vijiti vya kupanda mwakani endapo utaona madoa.

Plantix, ya Ujerumani, nayo ni bure na ina mazao mengi zaidi, lakini huhitaji intaneti. Ukitumia programu yoyote inayokutajia ugonjwa kisha ikakutajia na dawa, tenganisha hayo mawili. Utambuzi wa bure unaweza kuwa mlango wa duka. Hali ni hiyohiyo kwa programu za kuzungumza nazo zinazojibu kila swali kwa Kiswahili fasaha. Zinafaa kueleza jinsi ugonjwa unavyosambaa au namna ya kutengeneza mboji. Kwenye kipimo cha sumu, mililita ngapi kwa pampu ya lita 16 au siku ngapi usivune baada ya kupulizia, zinaweza kutoa jibu lisilo sahihi kwa sauti ya uhakika kabisa. Hapo soma kibandiko cha chupa, na uhakikishe dawa imesajiliwa: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya. Hili linagusa afya ya watu wa nyumbani na walaji, kwa hiyo silichukulii kama suala la bei.

Kwa mkulima wa mpunga kuna mshindani wa bei ndogo sana ambaye hatajwi kwenye maonyesho kwa sababu hana betri: kadi ya rangi za majani iliyotengenezwa na taasisi ya IRRI. Ni kipande cha plastiki chenye vipande vinne vya kijani, kutoka hafifu hadi kilichokolea. Unaweka juu yake jani changa lililokwisha kukunjuka, ukilikinga jua kwa mwili wako, na unaona kama mpunga una njaa ya naitrojeni kabla hujaweka urea. Kifaa cha mkononi cha kupima NDVI, kama GreenSeeker, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa namba, lakini bei yake imekuwa ikianzia dola 500 hivi, shilingi 1,250,000. Hiyo ni karibu mifuko 18 ya urea kwa bei ya ruzuku niliyotaja.

Droni, huduma za kulipia na bima

Droni yenye kamera ya miale mingi ndiyo inayovutia watu wengi kuliko vyote. DJI Mavic 3 Multispectral, iliyotoka mwishoni mwa 2022, imekuwa ikiuzwa kwa dola 4,500 hivi, yaani shilingi 11,250,000, sawa na mifuko 160 ya mbolea. Tuseme itadumu miaka mitatu. Ni 3,750,000 kwa mwaka. Kwa mwenye ekari tatu, hiyo ni 1,250,000 kwa ekari kila mwaka, zaidi ya gharama yote ya kulima ekari ya mahindi kwa wakulima wengi. Kwa shamba la ekari 300, ni 12,500 kwa ekari, kiasi kinachoweza kujilipa. Na hapo hatujahesabu betri za akiba, kompyuta yenye nguvu ya kuunganisha mamia ya picha, programu ya kuziunganisha (OpenDroneMap ni ya bure, nyingine hulipiwa), wala rubani. Vibali pia vina gharama na muda wake: Tanzania unahitaji usajili wa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi, na Kenya kuna kanuni za mamlaka ya huko, KCAA, za 2020. Anayekuambia ununue leo uruke kesho anakuweka matatani.

Droni ya kupulizia dawa ni jambo jingine, maana hiyo inafanya kazi badala ya kutoa taarifa. Ilinganishe na ujira wa mpulizaji mwenye pampu mgongoni, ukiongeza thamani ya mtu kutobeba sumu mgongoni mwake ndani ya jaruba lenye tope. Kwa mpunga wa eneo kubwa, mara nyingi naona hesabu ikielekea upande wa droni ya kukodi.

Ukija kwenye huduma za kulipia kwa msimu, swali la kwanza liwe: picha zenu ni za setilaiti gani? Wakijibu Sentinel, unajua kwamba picha yenyewe ni bure na unalipia kazi ya kuisoma na kukufikishia ujumbe. Si dhambi, kazi hiyo ina thamani kama kuna bwana shamba anayefika kwenye doa lililoonekana na kuchimba. Kama kinachofika ni rangi kwenye simu tu, OneSoil inakupa ramani za NDVI za Sentinel bila malipo. Wakijibu Planet, picha ni za mita 3 hivi na hupigwa karibu kila siku, jambo linalosaidia sana kukwepa mawingu, lakini huuzwa kwa eneo na kwa kawaida kuna kiwango cha chini kinachozidi shamba dogo. Uangalie pia uhai wa kilicho bure: Norwe iligharimia picha za Planet za mita 4.77 kwa nchi za tropiki kuanzia 2020, na mpango huo ukafikia tamati Januari 2025. Waliojenga huduma zao juu yake walilazimika kutafuta chanzo kingine.

Kuna mahali pengine unapolipia akili mnemba bila kuiona. Apollo Agriculture ya Kenya, iliyoanzishwa 2016, hutumia data za setilaiti kuwapima wakulima wadogo kwa ajili ya mkopo wa pembejeo. Kwa asiye na dhamana ya benki huo ni mlango wa kweli. Gharama ya teknolojia imo ndani ya riba, kwa hiyo linganisha jumla ya utakacholipa siku ya mavuno na bei taslimu ya pembejeo zilezile dukani.

Na kwenye bima ya mazao au mifugo inayotegemea faharasa, elewa kwamba halipimwi shamba lako. Bima ya mifugo ya IBLI iliyoanza Marsabit, Kenya, 2010 ilitumia NDVI ya malisho ya eneo zima: kijani cha wastani kikishuka chini ya kiwango, wote waliokata bima humo hulipwa. Hilo hupunguza gharama, kwani hakuna mkaguzi wa kuzunguka boma kwa boma. Lakini mvua ikinyesha kwa wenzako ikakuruka wewe, faharasa itasema kuna kijani. Kabla ya kulipa, uliza ukubwa wa eneo linalopimwa, kiwango cha malipo kinaanzia wapi, na wiki zinazohesabiwa ni zipi. Kama mahindi yako hutoa mbelewele Aprili na bima inahesabu hadi mwisho wa Machi, umenunua bima ya shamba la mtu mwingine.

Mahali ambapo huduma ya kulipia inaanza kuleta maana kwa mkulima mdogo ni kwenye kundi. Skimu ya umwagiliaji au chama cha ushirika (AMCOS) chenye wanachama 100 wa ekari tatu tatu kina ekari 300, na tumeona hesabu ya droni inavyogeuka hapo. Mashamba yakipakana na zao likiwa moja, hata tatizo la pikseli za pembeni hupungua, maana mpaka na jirani si mpaka tena wa zao. Chama kikifikia hatua hiyo, kisaini kwa msimu mmoja kwanza, kwa sehemu ya eneo, na sehemu nyingine ilimwe kama kawaida ili pawepo cha kulinganisha wakati wa kupima magunia. Mkataba utaje tarehe ambazo ramani zitakabidhiwa kabla ya kukuzia, mtaalamu atakayefika shambani ni nani na ndani ya siku ngapi, na nini kitatokea mawingu yakizuia picha. Utaje pia kwamba faili za picha na mipaka ya mashamba ni mali ya chama, hazitapewa kampuni ya pembejeo wala benki bila wanachama kuridhia. Na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa chama hadi mavuno yatakapopimwa.